Ndiyo Kumi na Moja

Mwanangu Zuhura,

Salamu tutapeana kesho asubuhi uso kwa uso, kwa hiyo hapa nazipita. Habari za sweta, za kutompa mtu pasipoti yako akushikie, za kula kabla ya kupanda ndege, hizo baba yako ameshakuambia mara nne na kesho atakuambia ya tano. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka ishirini na sita. Leo umekwenda Lusu kumuaga bibi yako, nyumba imetulia, nimejikalisha hapa mezani tangu saa nane mchana, na nimeona nisipoliandika sasa sitaliandika tena.

Barua hii nitaitia mfuko wa nje wa begi lako. Isome treni ikishapita stesheni ya Tura. Kabla ya hapo utakuwa unalia na hutaona kitu, nakujua.

Jambo lenyewe limeamshwa na simu ya juzi. Ulipoongea kwa video na yule mkuu wa wauguzi wa huko Ujerumani, yule mama mwenye nywele fupi nyeupe, mimi nilikuwa pembeni kwenye mkeka nachambua mchele. Kijerumani sikijui, lakini neno lao la kusema ndiyo nalijua, maana mwaka mzima umelitamka humu ndani. Mama yule akaongea, ukatikisa kichwa, ukasema ndiyo. Akaongea tena kwa kirefu, ndiyo. Nikaacha mchele nikaanza kuhesabu. Zuhura, ulisema ndiyo mara kumi na moja. Simu ilipokatika nikakuuliza alikuwa anasemaje. Ukacheka ukasema, "Mengine sikuyapata mama, ila nilijua tu ni maneno ya kunikaribisha."

Nikainuka nikaenda jikoni. Ulidhani nimekwenda kutazama maharage. Nilikwenda kushika ukuta.

Usikunje uso. Najua umesoma. Cheti chako cha Kijerumani umekipata kwa alama ambazo mwalimu wako wa Dar alipiga simu mpaka hapa kutupongeza. Nimekusikia ukiosha vyombo huku unataja mifupa, mishipa na magonjwa, moja baada ya jingine, hukwami, kama mtoto anayehitimisha juzuu. Na hapo hapo ndipo hofu yangu ilipo, kwa sababu wa kuhitimisha juzuu nilikuwa mimi, na nilikuwa hodari kuliko wewe.

Mtaa wetu wote wa Gongoni wananiita Mama Maskati. Ukiuliza kwa nini nilirudi kutoka huko, utaambiwa mkataba uliisha na babu yako alikuwa mgonjwa. Babu yako alikuwa mgonjwa kweli, Mungu amrehemu, lakini si yeye aliyenirudisha. Leo nakueleza kilichonirudisha, na unisikilize mpaka mwisho.

Nilikwenda Maskati nina miaka ishirini na mitatu. Shangazi yangu mmoja alinitafutia kazi kwenye zahanati ya mtu binafsi, kufagia, kupiga deki na kufua mashuka. Niliondoka hapa kifua mbele. Wenzangu waliokwenda nchi za watu walikuwa wanaogopa lugha, mimi nikasema lugha ninayo. Si nilikuwa nimesoma chuoni, madrasa, tangu nina miaka sita? Mwalimu wetu alikuwa mkali wa matamshi, herufi ikitoka mahali pasipo pake unarudia mpaka koo likauke. Kwenye maulidi ya mtaa nilikuwa naitwa mimi nisome. Watu wazima walikuwa wanalia wakinisikiliza, na mimi mwenyewe sikujua ninachokisema. Hakuna aliyewahi kuniuliza maana. Mwalimu hakukosea, kusoma kule ni ibada na kuna thawabu zake. Aliyekosea ni mimi, niliyepanda ndege nikiamini kwamba najua Kiarabu.

Wiki ya tatu, napiga deki kwenye korido, nikakuta boksi la dawa limewekwa chini. Lina maandishi ubavuni. Herufi hazikuwa na irabu kama za msahafu, nikabahatisha, na nyingi nikazipata, nikayasoma kwa sauti kwa raha zangu tu. Sista Nadia, muuguzi mkuu wetu, Mmisri, akasimama nyuma yangu. Akanionyesha jingine, nikasoma. La tatu, nikasoma. Akaita wenzake waje wamwone Mwafrika anayesoma Kiarabu kuliko binti zao. Mimi natabasamu, natikisa kichwa. Kila alichoniuliza nilijibu ndiyo.

Jumatatu yake nikavuliwa aproni ya usafi nikapelekwa kusaidia chumba cha dawa. Kazi haikuwa ngumu. Mfamasia anapanga dawa za kila mtu kwenye mfuko, anaandika jina, mimi nasoma jina dirishani na kumkabidhi mwenyewe. Mshahara ukapanda kidogo. Nikaandika nyumbani kwamba mwanenu sasa yuko kwenye dawa. Babu yako akaitembeza ile barua msikitini.

Pale zahanati alikuwepo mtu mmoja tu wa kwetu, mpishi, jina lake Mwantumu, Mzaramo wa Kisarawe. Sasa wewe umekua kwenye simu, huenda utani huujui vizuri. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanashuka na misafara kwenda pwani na kupita kwao. Mtani anakuambia chochote na hukasiriki. Anakuja msibani kwako anamcheka marehemu, na wewe mfiwa unampa chakula. Mwantumu alikuwa na miaka tisa pale. Kusoma hata alifu hajui, lakini Kiarabu cha jikoni, cha wagonjwa, cha madereva, kilikuwa kinamtoka kama maji. Na alinijua siku ya kwanza.

Alikuwa akinipitia dirishani na sufuria yake ananiambia, "Mnyamwezi, babu zako walitembea miezi mitatu mpaka Bagamoyo na mzigo kichwani, hawajui ndani mna nini. Na wewe ni hivyo hivyo. Umebeba, lakini fungua tuone." Mimi namjibu kwamba babu zake yeye walikuwa wamejificha vichakani wanangoja kudai hongo ya njia kwa mzigo ambao hawakuubeba. Tunacheka. Lakini kila alipocheka alikuwa ananiuliza neno. Hili la kwenye lebo linasemaje? Nikisoma, anasema, "Sijakuuliza linaliaje. Nimeuliza linasemaje."

Siku moja alisema hivyo mbele ya mfamasia na wasichana wawili wa mapokezi. Hawakuelewa Kiswahili, lakini walimwona anavyonicheka, na mimi nikaona cheo changu kinavuliwa hadharani. Nikamwambia, "Mwantumu, utani wako uuache Kisarawe. Hapa kazini mimi si mtani wako."

Kukataa utani, mwanangu, kwa watu wetu ni kama kumfungia mtu mlango usoni amekuja na mboga. Kuanzia siku ile akaanza kuniamkia kwa adabu, dada Asha umeamkaje, dada Asha kwa heri. Hakunicheka tena. Pale zahanati nzima kulikuwa na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuniambia kwamba sijui, na nilimnyamazisha mwenyewe.

Haikupita miezi miwili. Ilikuwa mchana, mfamasia amekwenda kuswali adhuhuri. Akaja bibi mmoja mtu mzima, Bi Shamsa, kutoka milimani, magoti yanamsumbua, anatembelea fimbo. Nikasoma jina lake kwenye mfuko, nikampa. Akatoa chupa, akaigeuza geuza, akaniuliza kitu. Sikukielewa chote, lakini nilielewa kwamba hajui kusoma na anataka kuambiwa inatumikaje.

Lebo ilikuwa mbele yangu. Ningeweza kuisoma yote. Lakini nilijua nikiisoma ataniuliza zaidi, na nitasimama pale mdomo wazi, na foleni ilikuwa nyuma yake. Chupa za rangi ile nilikuwa nimezigawa asubuhi nzima, na zote zilikuwa za kikohozi. Neno la kunywa nilikuwa nalijua. Nikalisema. Nikaonyesha vidole vitatu, asubuhi, mchana, jioni. Nikatabasamu. Akaniombea dua akaenda zake.

Ile haikuwa dawa ya kunywa, Zuhura. Ilikuwa dawa ya kuchua magoti.

Siku ya pili mwanawe akaja na chupa mkononi. Mama yake amelazwa hospitali kubwa, koo na tumbo vimeungua, hasemi. Sista Nadia akaniita ofisini, akamwita na Mwantumu atafsiri. Akaweka chupa mezani akaniambia nisome. Nikasoma. Na laana ya mambo ni hii, nilisoma vizuri kuliko siku zote, kila herufi mahali pake. Akaniuliza maana yake nini. Neno maana halihitaji mkalimani, tunalo hata sisi. Akauliza tena. Nikaanza kusoma upya lebo ile ile tangu juu, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Sista akafunika uso kwa mikono miwili.

Baadaye akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba sijui. Mwantumu akatafsiri huku anaangalia sakafu. Jibu ninalo leo: kwa sababu mlikuwa mmeshanisifia.

Bi Shamsa alikaa hospitali siku nyingi, akapona. Sauti haikurudi yote. Wakati ule nilikuwa nimerudishwa kufua mashuka, na nilikuwa nalia juu ya mashine na mwenye zahanati alikuwa amesema nitarudishwa kwetu mkataba ukifika mwisho, hawatauongeza. Siku moja nikaambiwa kuna mtu ananitaka. Nikatoka, nikamkuta yeye, na fimbo yake. Nikapiga magoti. Akanikatalia, akaninyanyua, akatoa kwenye mkoba wake chupa ile ile, tupu. Akasema, "Soma."

Nikasoma. Nikifika neno ananisimamisha kwa mkono. Neno la kuchua, akajisugua goti. Neno la ngozi, akanifinya mkono. Neno la usinywe, akaweka kidole mdomoni akakitikisa. Tukafika mwisho. Halafu akasema kitu kirefu kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na Mwantumu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanitafsiria bila kucheka, "Anasema, ungenisomea tu, mwanangu, ningejua mwenyewe."

Soma hapo tena, Zuhura. Yeye alijua lugha na hajui kusoma. Mimi nilijua kusoma na sijui lugha. Tulikuwa na kila kitu baina yetu pale dirishani. Kilichokosekana ni mimi kukubali kusimama mdomo wazi kwa dakika moja. Sitasahau, na sitaki nisahau.

Jioni ile nilikwenda jikoni nikamwomba Mwantumu arudishe utani. Akanitoza faini, kanga yangu mpya, akajifunga pale pale juu ya aproni. Halafu akaniambia, "Haya Mnyamwezi, shusha mzigo, tuanze na kimoja." Nilikuwa nimebakiza miezi saba. Katika miezi hiyo, ndani ya mvuke wa mashuka na harufu ya vitunguu, nikajifunza Kiarabu cha kazi kutoka kwa mwanamke asiyejua kusoma alifu. Ninachokuambia sasa ndicho nilichopata kwake, na kingine nimekiongeza mwenyewe kwa kufikiri miaka yote hii.

Alinikataza kujifunza jina la kitu peke yake. Nikimuuliza shuka linaitwaje, ananipa shuka, na kulowesha, na kukunja, na shuka limechanika, na shuka hili la mgonjwa wa kuambukiza usilichanganye. Alikuwa akisema jina bila kazi yake halikusaidii, utakaa nalo tu. Wewe daftari lako lina majina. Nimelifunua, nisamehe. Kurasa na kurasa za viungo vya mwili, upande huu Kijerumani, upande huu Kiswahili. Sijaona popote umeandika, mgeuze taratibu, shika chini ya kwapa, subiri, inauma wapi, inauma tangu lini, nusu kidonge, kabla ya kula, usimwache peke yake. Yaliyomuunguza Bi Shamsa hayakuwa maneno makubwa. Yalikuwa maneno ya kupaka tu, usinywe. Ukifika, anza na hayo madogo yanayoweza kuua, ndipo urudi kwenye mifupa yako.

Halafu wagonjwa wenyewe. Unakwenda kuhudumia wazee. Bibi yako wa Lusu akiumwa kifua, unamsikia akisema kifua? Hasemi. Anasema amechoka choka, anaomba mto wa pili, anauliza kama mlango umefungwa. Wewe umelala naye chumba kimoja likizo zote, ukisikia mto wa pili unaruka kitandani. Hakuna aliyekuandikia orodha ya mambo hayo. Uliyajua kwa kumenya naye karanga, kumshika mkono kwenda kisimani, kumsikiliza akigombana na mbuzi. Kinyamwezi chako chote umekipata hivyo, na hukukisomea siku moja. Wazee wa Ujerumani nao watakuwa na mto wao wa pili. Vitabu vya daktari haviuandiki. Utaupata kwa wafagiaji, kwa wapishi, kwa wale wanaowaosha, kwa hiyo kila siku kunywa chai na watu hao, hata kama maneno yao hayako kwenye mtihani wako.

Na utafute wa kukucheka. Huko watani hakuna, watu watakuwa na adabu, watakusifia Kijerumani chako, na adabu yao itakudhuru kuliko kicheko. Mchague mmoja mapema, mtu mwenye mdomo, umwambie waziwazi, wewe nikikosea nicheke, nisahihishe, sitakasirika. Siku atakapokucheka mbele ya watu utasikia moto masikioni. Ukae nao huo moto. Usifanye nilivyofanya mimi.

Mwantumu alikuwa na ukorofi mwingine. Kila akinituma kitu, haniruhusu kuondoka mpaka nimrudishie alichosema, na si kwa maneno yake, kwa maneno yangu mimi, hata yakiwa mabovu. Akiniambia nenda kwa fulani umwambie maji ya moto yamekwisha, mimi namwambia kwa Kiarabu changu kilichopinda, hakuna maji, moto, naenda kumwambia fulani. Nikishindwa, siendi. Mwanzoni niliona ananidhalilisha kama mtoto. Baada ya mwezi, Sista Nadia akawa ananituma yeye mwenyewe, na mimi namrudishia kabla mkono haujagusa kitu. Hakuniambia kitu kuhusu jambo hilo, ila siku moja aliwaambia wasichana wa mapokezi wafanye kama ninavyofanya.

Maneno mapya nilikuwa nachukua machache, matano, sita, yale niliyoyasikia siku hiyo kazini kutoka kinywani mwa mtu ninayemjua. Jioni nayaandika na jina la huyo mtu na alichokuwa anafanya. Mpaka leo nikilikumbuka neno lao la kubana, namwona dereva wa gari la wagonjwa na kidole chake mlangoni. Maneno ya orodha nimeyasahau yote.

Wewe unaweza kuona mama yako anajua mengi. Nilijua mengi miezi saba ya mwisho, nikiwa nimekwishachelewa. Nilirudi Tabora na masanduku mawili, watu wamejaa stesheni, vigelegele, Asha wa Maskati amerudi. Babu yako alikuwa kitandani, akaniuliza, kazi ya dawa ilikuwaje? Nikamwambia nzuri, baba, mkataba umeisha tu. Akafa akijua hivyo. Miaka yote hii watu wananiletea barua za Kiarabu niwasomee, nao wanashangaa nikisema hili silijui, mpelekeeni fulani. Wanadhani ni unyenyekevu.

Leo mchana tukila nimemwambia baba yako. Yote, kama nilivyokuandikia. Aliacha kutafuna. Akaniuliza swali moja, kama yule bibi alipona. Nikamwambia alipona. Akanawa mikono, akasema, "Basi mwandikie mtoto." Akatoka kwenda dukani. Nilikuwa naogopa jambo hilo tangu tulipooana, na lilikwisha kabla ugali haujapoa.

Zuhura, mimi nimekulea kuitika abee, kutomkatiza mkubwa, kusema ndiyo kwanza na kuuliza baadaye pembeni. Kwa Tabora nimekulea vizuri. Kwa huko unakokwenda, kwenye jambo hili moja, nimekupa mzigo, na nataka uutue. Kusema sikuelewa kwa mtu mzima siyo utovu wa adabu. Mgonjwa aliyelala mbele yako ni mkubwa kuliko adabu yako.

Sasa nakuomba kitu, na kwa mara hii naomba kama mzazi anavyoamuru. Ukifika Dar utakuwa na siku mbili kabla ya ndege. Mpigie yule mama mwenye nywele nyeupe. Usimwandikie ujumbe, mpigie, akuone uso. Mwambie, juzi nilikuitikia ndiyo mara kumi na moja, na nyingine sikuwa nimeelewa, naomba urudie taratibu. Akirudia, umrudishie kwa maneno yako. Usipoelewa tena, useme tena. Huenda alikuwa anakukaribisha tu, kama ulivyodhani. Huenda alikuwa anakuambia kuhusu mtu mmoja ambaye wiki ijayo atakuwa mikononi mwako.

Utaogopa. Utasema, mama, nimehangaika mwaka mzima, wakisikia hivi wataniambia sijawa tayari, nibaki kwetu. Inawezekana. Siwezi kukudanganya kwamba haiwezekani. Wakisema hivyo, panda treni urudi. Nitakuja stesheni mimi na baba yako, mchana kweupe, begi nitalibeba mwenyewe, tupite katikati ya Gongoni watu wote wakiwa barazani, na atakayeuliza nitamwambia mwanangu amerudishwa kwa sababu aliulizwa akasema hajui. Nitainua kichwa kulisema. Mimi nilirudi nikapigiwa vigelegele, na nilikuwa nimemnywesha bibi wa watu dawa ya kuchua.

Piga simu, mwanangu.

Mama yako,
Asha